Sponji nyeupe: kisa cha samaki malaika sita kwenye sebule moja ya Arusha

Familia yenyewe imekubali kisa hiki kiandikwe. Nimeondoa majina, mtaa na vitu viwili vitatu ambavyo jirani angevitambua. Vipimo ni vile nilivyoviandika kwenye daftari langu la kazi. Mimi ni fundi wa matangi ya samaki wa mapambo: nayajenga, nayafunga majumbani, na yakiharibika ndiye ninayepigiwa simu. Nasema hivyo mapema kwa sababu katika kisa hiki na mimi nina makosa yangu, tena moja ni kubwa.

Usuli

Nyumba iko Arusha, upande unaopanda kuelekea Mlima Meru, ambako mwezi wa saba mtu halali bila blanketi zito. Mwenye samaki ni mtoto wa kiume wa miaka 11, ila kama ilivyo kwenye nyumba nyingi zenye watoto, anayewahudumia hasa ni mama yake.

Tanki ni la kioo, urefu sm 100, upana 40, kimo 50. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu, linabeba kama lita 170. Kimo nilikisisitiza tangu mwanzo. Samaki malaika ni bapa kama sahani iliyosimamishwa, na mapezi yake ya juu na chini yanamfanya awe mrefu wa kimo kuliko wa kwenda mbele. Mkubwa akiyanyoosha hupita sm 20. Ukimweka kwenye tanki fupi anakua amepinda mapezi, na hapo hakuna cha kunyoosha tena. Kwao ni mto Amazon na matawi yake, huko Peru, Kolombia na Brazili, kwenye maji ya polepole yenye mizizi na matete, ambamo ile mistari myeusi inamficha vizuri kabisa. Kiukoo ni ndugu wa sato na perege. Ukimwona anavyolinda kona yake utaukubali huo undugu bila kuambiwa mara mbili.

Maji ya kwao ni laini na yana asidi kidogo. Ya kwetu ni kinyume. Arusha tunakunywa maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano, yana magadi, na pale nyumbani pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ikiwa katikati) ya bombani ni 8.0, ndani ya tanki 7.9. Kinachotuokoa ni kwamba samaki malaika wanaouzwa wamezaliwa vizazi na vizazi kwenye matangi ya wafugaji, kwa hiyo wanavumilia mpaka karibu 8. Hawa sita walinunuliwa wakiwa wadogo kama sarafu, na kufikia mwezi wa saba walikuwa wameshamaliza mwaka mzima kwenye maji hayo. Wawili walikuwa wameshashikana wakawa jozi, wakataga mara mbili kwenye bomba la filta, na mara zote mbili wakala mayai yao wenyewe, jambo la kawaida kwa jozi changa.

Filta ilikuwa ya boksi la nje lenye sponji mbili nene. Hita ya wati 200 ilipangwa nyuzi 27. Nilipokabidhi tanki niliwafundisha mambo ya msingi: kubadili robo ya maji kila wiki, kulisha kidogo, na kutotumia kabisa maji ya bomba yaliyotoka kufunguliwa, kwa sababu yana klorini. Maji yalale kwenye ndoo kwanza. Hilo walilishika barabara. Ndoo mbili za lita 20 zilikuwa hazikosekani nyuma ya mlango wa jikoni.

Kilichotokea, siku kwa siku

*Ijumaa.* Umeme ulikatika saa nne usiku. Ulirudi Jumamosi saa tatu asubuhi, yaani saa 11 bila hita wala filta.

*Jumamosi.* Kipimajoto cha tanki kilisoma 22. Samaki walikuwa chini, wamepauka, hawachezi. Umeme uliporudi filta ilianza kusukuma, na sebule nzima ikanuka yai viza. Mama akazima, akaamua kufanya usafi wa nguvu. Alitoa nusu ya maji, akarudishia yaliyolala kwenye ndoo na mengine ya kutoka simtanki. Changarawe akaziosha kwenye karai kama mtu anayeosha mchele, maji matatu. Sponji alizipeleka kwenye sinki, akafungua bomba, akazikamua mpaka zikawa nyeupe. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia vizuri, maana zilikuwa zinatia kinyaa.

*Jumapili.* Tanki linang'aa. Nyuzi 25, hita inapandisha. Samaki wamechangamka na wanakula kwa pupa, na kwa kuwa "maskini walilala na baridi", mtoto aliwalisha mara nne.

*Jumatatu.* Jioni walianza kupanda juu ya maji, midomo inafunguka na kufunga haraka haraka. Wawili walikuwa wameingia weusi. Mama akanipigia.

"Fundi, hawa samaki wako hawako sawa. Tangu umeme ukatike."

Nilikuwa Moshi siku hiyo, nafunga tanki la mteja mwingine. Nikasikia "umeme ukatike", nikasikia "Julai", nikahukumu. Nikamwambia ni baridi imewapiga, apandishe hita hadi 30, nitakuja kesho. Sikumuuliza walikuwaje Jumapili. Sikumuuliza amesafisha nini.

*Jumanne.* Alfajiri mdogo kuliko wote alikutwa amekufa. Nilifika saa kumi na moja jioni. Mtoto alinifungulia geti, "Shikamoo fundi," kisha akanyamaza, hakunifuata sebuleni kama anavyofanya siku zote. Wale watano walikuwa wamejipanga juu ya maji pembeni ya filta, vifuniko vya matamvua vimetanuka. Nilimulika tochi ya simu: matamvua yalikuwa mekundu ya damu iliyovilia, kingo zake zimeingia kahawia.

Nikatoa vipimo vya matone. Joto 30. pH 7.9. Nitriti, sumu ambayo bakteria huizalisha kutoka kwenye amonia, hakuna. Chupa ya kupima amonia (sumu inayotoka kwenye taka za samaki wenyewe), ambayo kwa tanki la umri huo inatakiwa ibaki njano, iligeuka kijani kilichokolea: miligramu 2 kwa lita.

"Mama, hii sponji mlioshea wapi?"

Akaenda akanionyesha sinki.

Tulichoamua usiku ule, na kwa nini

Kwanza maji. Nilibadilisha nusu. Ndoo zilizolala zilikuwa mbili tu, kwa hiyo mengine nilichukua simtanki nikayatia dawa ya kuondoa klorini ninayotembea nayo, kisha tukachanganya na birika la maji ya moto ili yasiingie ya baridi. Amonia ikashuka hadi 1. Kuna hoja kwamba ningebadilisha robo tatu palepale. Nilihofia kuwashtua. Nikitazama nyuma, hofu hiyo haikuwa na msingi: pH ya bomba na ya tanki zilikaribiana sana, hakukuwa na kitu cha kuwashtua. Maji mengi zaidi usiku ule huenda yangeokoa samaki mmoja.

Pili, joto. Nilirudisha hita hadi 26, ishuke yenyewe taratibu. Mama alishangaa, kwani jana yake nilimwambia kinyume. Nilimwambia wazi kwamba jana nilikosea.

Tatu, chakula kilisimama siku tatu. Kila punje inayoingia mdomoni inatoka kupitia matamvua ikiwa amonia. Hili ndilo lilikuwa gumu kwa mtoto kuliko yote.

Nne, hewa. Pampu ya hewa haikuwepo. Mtoto alipewa jagi, kazi yake ikawa kuchota maji ya tanki na kuyamwaga kutoka juu, dakika kumi kila saa, mpaka alipolala.

Tano, bakteria wanaoimaliza amonia. Nilirudi nyumbani kwangu nikachukua sponji kutoka tanki langu la zamani, nikaileta ndani ya ndoo ya maji yake mwenyewe. Nilipoikamua ndani ya boksi la filta yalitoka maji ya rangi ya kahawa. Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Yaani mimi nimetoa uchafu, wewe unaniletea mwingine?"

Nikamjibu kwamba ule uchafu ndio uliokuwa unawaweka hai. Sponji yenyewe nikaipachika ndani ya boksi pembeni ya zile nyeupe.

Tulivyovikataa ni viwili. Duka moja la dawa za mifugo lilikuwa limemuuzia mama kapsuli za tetrasaiklini, azimwage ndani ya maji. Nilimwomba aziache kabatini: ni dawa ya kuua bakteria, na sisi shida yetu ilikuwa ukosefu wa bakteria. Jirani naye alishauri limao ili kushusha pH. Kwa hesabu za kemia hakukosea, kama nitakavyoeleza, lakini maji yenye magadi hayakubali kirahisi. Unatia limao pH inashuka kidogo, baada ya saa chache imepanda tena, na samaki aliyekwisha kuchoka anabebeshwa huko kupanda na kushuka.

Matokeo

Jumatano asubuhi nilibadilisha nusu nyingine, amonia ikafika 0.5. Usiku huo akafa wa pili, yule aliyekuwa mweusi kuliko wote. Alhamisi ilibaki 0.5 bila kupanda, na hapo nikajua sponji ya kwangu imeshaanza kazi. Jumamosi 0.25, Jumatatu sifuri. Katikati hapo nitriti ilijitokeza kama ilivyotarajiwa, ikafika 0.5. Tulitia chumvi kijiko cha chai kwa kila lita 20, kwa kuwa kloridi ya chumvi huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Wiki iliyofuata ilikuwa imekwisha.

Wanne walibaki, jozi ikiwemo. Mmoja pezi lake la mgongoni liliota limepinda na litabaki hivyo. Wiki ya saba jozi ilitaga tena kwenye bomba la filta. Mayai yalipata ukungu siku ya pili, wakayala. Hilo sihesabu kama hasara.

Uchambuzi

*Kwa nini baridi ilisingiziwa.* Kwa sababu ilikuwepo, na kila mtu aliihisi mwilini. Ila ukiweka siku kwa mpangilio, haingii. Siku ya baridi kali kwenye tanki ilikuwa Jumamosi, nyuzi 22, na Jumamosi hakufa hata mmoja. Jumapili wakala kwa pupa. Nyuzi 22 kwa usiku mmoja humfanya samaki malaika azubae. Haiwezi kumtoa damu kwenye matamvua siku tatu baadaye akiwa ndani ya maji yaliyokwisha kupata joto. Floridi, madini ya majini yanayotia meno rangi, pia iliulizwa, kwa kuwa hapa Arusha kila tatizo la maji huishia kwenye meno ya kahawia. Samaki walishakunywa floridi hiyohiyo mwaka mzima. Kitu kilichobadilika wiki ile kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kinakauka pembeni ya sinki.

*Sponji ilikuwa inafanya nini.* Samaki anatoa amonia mchana na usiku. Kwenye tanki lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaila. Kuwakuza kwenye tanki jipya huchukua wiki nne hadi sita. Hawaelei ovyo majini. Wamejishika kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye vioo. Mama aliosha viwili vya kwanza, tena kwa maji yenye klorini ambayo kazi yake bombani ni hiyohiyo ya kuua vijidudu. Samaki watano au sita wakubwa waliolishwa mara nne kwa siku wanaweza kutoa kama miligramu 0.7 kwa lita kila siku kwenye lita 170. Kuanzia Jumamosi jioni mpaka Jumanne jioni ni siku tatu. Zidisha, unapata ile 2 niliyoisoma.

Haikuwa uzembe wake. Ile harufu ya yai viza ilikuwa ya kweli: boksi la filta likikaa saa 11 bila maji kutembea, oksijeni inaisha, bakteria wazuri wanaanza kufa na wengine wanaoishi bila hewa wanatengeneza gesi hiyo. Kumwaga yale maji ya ndani ya boksi ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, na angeyaacha yasukumwe tankini pengine tungepoteza samaki Jumamosi hiyohiyo. Kosa liliingia kwenye hatua iliyofuata, na hatua hiyo mimi sikumfundisha. Nilimwambia klorini inaua samaki. Sikumwambia inaua nini kingine. Mtu aliyejaza ndoo mbili kila wiki kwa mwaka mzima angeshindwaje kuosha sponji kwenye maji ya tanki, kama angeambiwa?

*Hesabu ya hita.* Hapa ndipo kosa langu la simu lilipouma. Amonia ndani ya maji iko kwa sura mbili. Moja ina chaji ya umeme, haipenyi vizuri mwilini, haina madhara makubwa. Nyingine ni gesi iliyoyeyuka, nayo ndiyo inayochoma matamvua. Kipimo cha matone kinazihesabu zote kwa pamoja. Kinachoamua mgawanyo ni pH na joto. Kwenye pH 7 na nyuzi 24, sura ya sumu ni karibu nusu ya asilimia moja. Kwenye pH 7.9 kwa joto lilelile inakuwa asilimia 4. Pandisha joto hadi 30, inakuwa asilimia 6.

Kwa hiyo miligramu 2 zilezile, kwenye tanki lenye pH 7, zingekuwa na sumu ya kama 0.01. Kwa maji yetu ya magadi na nyuzi 24 ni 0.08. Kwa ushauri wangu wa nyuzi 30 ni 0.12. Matamvua huanza kuumia kuanzia kama 0.05. Wasomaji wa miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya miji yenye maji ya asidi waisome hesabu hii mara mbili: kiwango cha amonia ambacho kwao ni cha kuangaliwa tu kesho asubuhi, hapa ni cha kushika ndoo usiku huohuo.

Na oksijeni. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 24 hubeba takriban miligramu 8.4 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, punguza hapo kwa asilimia 15 hivi. Nilimchukua samaki mwenye matamvua yaliyoungua, nikampunguzia na hewa.

*Kilichosaidia.* Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, ni sponji ya zamani. Kubadili maji kulipunguza sumu iliyokuwepo. Bila bakteria ingerudi kila siku, na familia isingeweza kubeba ndoo nane kila jioni kwa mwezi mzima. Kusitisha chakula kulisaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Jagi la mtoto sina kipimo chake, lakini samaki walikuwa wanasogea palepale maji yanapoangukia, na wao wanajua zaidi yangu.

*Kilichokosekana.* Kipimo cha amonia ndani ya nyumba. Kama kingekuwepo, Jumatatu jioni mama angenitajia rangi badala ya kunitajia umeme, na mimi nisingepata nafasi ya kukisia kutoka Moshi. Sasa nikikabidhi tanki nakabidhi na chupa ya amonia, hata mteja akisema ataagiza mwenyewe baadaye.

Pale nyumbani sasa hivi

Mwezi wa nane umeme ulikatika tena, saa sita mfululizo. Safari hii walivika tanki blanketi pande tatu na juu, wakatoa sponji kwenye boksi wakaziacha zielee ndani ya tanki lenyewe, karibu na uso wa maji palipo na hewa. Joto lilishuka kutoka 27 hadi 25. Umeme uliporudi walimwaga maji ya boksi sinkini, wakarudisha sponji, wakawasha.

Siku mbili baadaye mama alinitumia picha bila maneno. Ilikuwa ndoo ya plastiki yenye maji ya tanki, mkono wa mtoto umeshika sponji, na maji yenyewe rangi ya chai iliyokolea. Kwenye ndoo, kwa maandishi ya kalamu ya wino mzito, mtoto alikuwa ameandika: HAPA, SI SINKI.